Mbolea ya Songea kwa Nambari ya Simu: Lipi Latufaa Sisi?



Katika mikutano ya matawi husikia mara nyingi lalamiko la namna moja: msaada wa Serikali umetoka, lakini mimi haukunifikia, jina langu halikuonekana. Siku hizi jawabu linalotolewa ni moja tu, nalo ni simu. Mwandikishe kila mtu, mpe nambari, na mambo yatanyooka. Wako wanaolipokea jawabu hili kwa furaha, na wako wanaoliogopa. Kabla hatujachagua upande, twaona ni vyema tuwatazame wakulima wenzetu wa Songea, mkoani Ruvuma, ambao wamekwisha jaribu njia mbili, ya karatasi na ya simu, kwa kitu kile kile, yaani mbolea ya mahindi.

Huenda mwanachama akauliza, Songea yatuhusu nini? Ni mbali, zaidi ya kilomita 900 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, na karafuu huko huonekana katika pilau tu. Lakini mkulima mdogo ni yule yule. Naye hupata fedha wakati wa mavuno, kisha husubiri mwaka mzima.

Wakati wa hati

Kuanzia msimu wa 2008/2009 Serikali ya Tanzania ilitoa ruzuku kwa hati za karatasi, zilizoitwa vocha. Mkoa wa Ruvuma ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyopewa, kwa kuwa ni katika mikoa mikubwa ya mahindi. Hati hizo zilikusudiwa wakulima wadogo, na nyumba zinazoongozwa na wanawake zilitakiwa zitangulizwe. Kamati ya kijiji ilichagua majina, na kila aliyechaguliwa alipata hati za mbolea na mbegu za kutosha ekari moja. Katika msimu wa 2010/2011 zilifikia kaya zipatazo milioni 2 katika nchi.

Hati ililipa nusu ya bei, na mkulima akatoa nusu ya pili. Tuchukue mfano. Kama mfuko wa mbolea ni shilingi 60,000, hati hulipa 30,000, na mkulima hutoa 30,000 zake. Wakala huipeleka hati benki akalipwa.

Mpango huu uliwafaa wengi, lakini ulikuwa na matundu mawili. Tundu la kwanza ni kwamba hati ni karatasi, na karatasi huuzika. Wako walioziuza kwa bei ndogo, na wako waliotia saini kuwa wamepokea mbolea, na kumbe hawakupokea ila fedha kidogo, huku wakala akiidai Serikali bei kamili. Tundu la pili ndilo lililozaa la kwanza. Aliye masikini kabisa hakuwa na ile nusu yake. Kwa mtu huyo hati ya mbolea haikuwa mbolea. Ilikuwa kitu cha kuuza apate chakula cha wiki.

Wakati wa simu

Mwaka 2022 bei ya mbolea ilipanda duniani kote, na vita vya Ukraine vikazidisha. Tarehe 8 Agosti mwaka ule, siku ya Nane Nane, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua huko Mbeya mpango mpya wa ruzuku, na safari hii hapakuwa na karatasi. Mfuko wa kilo 50 wa DAP au urea, ambao bei yake ilikuwa imepita shilingi 120,000, uliwekwa kwa shilingi 70,000.

Kazi yake huenda hivi. Mkulima hujiandikisha kijijini kwake. Huandikwa jina, kitambulisho, nambari ya simu na ukubwa wa shamba. Kisha nambari yake ya utambulisho huletwa kwa ujumbe wa simu. Akienda kununua, humpa wakala nambari ile. Wakala huitazama katika simu yake, akaona mtu huyu ni nani na anastahili mifuko mingapi. Mfuko wenyewe una alama ya mraba inayosomwa na simu, na kwa alama hiyo mfuko hufungamanishwa na jina la mnunuzi. Mkulima hulipa bei ya ruzuku, na Serikali humlipa wakala kilichobaki.

Mtaona kwamba tundu la kwanza limezibwa kwa sehemu kubwa. Hakuna tena karatasi ya kuuza njiani, na kila mfuko una mwenyewe. Wakubwa wa kazi hiyo waweza kujua mbolea imeuzwa wapi na kiasi gani bila ya kusubiri daftari la mwisho wa mwaka. Wala orodha haianzwi upya kila msimu, bali husahihishwa.

Yaliyobaki

Lakini simu haikumaliza kila kitu. Katika msimu wa kwanza watu walipanga foleni ndefu, mawakala walikuwa wachache, na penye mtandao dhaifu kazi ilisimama. Haya ni matatizo ya mwanzo, na hutengenea. Yako matatu mengine ambayo hayatengenei yenyewe.

La kwanza, nambari humfuata mwenye simu. Asiye na simu huandikisha ya mtoto au ya jirani, na ujumbe wake huenda huko. Mume akifariki na kila kitu kilikuwa kwa jina lake, mjane hubaki na shamba lakini hana nambari.

La pili, orodha ya karatasi iliyobandikwa ukutani kila apitaye huiona, akasema, "Fulani hana shamba, kwa nini yumo?" Orodha iliyo ndani ya mashine haionwi ila na mwenye ufunguo wake.

La tatu, na ndilo kubwa, tundu la umasikini li wazi bado. Mfuko umeshuka bei, lakini fedha yake lazima itoke mkononi kwa mara moja. Na kwa kuwa kila aliyeandikwa hupata kwa kadiri ya shamba lake, mwenye ekari kumi hufaidi zaidi kuliko mwenye moja. Songea mahindi huvunwa katikati ya mwaka, na mvua za kupandia huja mwisho wa mwaka. Fedha ya Julai mara nyingi haifiki Novemba. Sisi tunaowalipa wachumaji kwa pishi na kulipa madeni kabla karafuu hazijakauka jamvini, hatuhitaji kufundishwa jambo hilo.

Yatupasayo

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Simu ni daftari zuri, lakini lataka mwenyewe awe macho. Kwa hivyo twawashauri wanachama mambo haya.

Kwanza, jina lako liwe moja katika kitambulisho, katika laini ya simu na katika orodha yo yote, herufi kwa herufi.

Pili, mke na mume kila mmoja awe na laini kwa jina lake, hata kama simu ya nyumba ni moja.

Tatu, tofautisheni nambari mbili. Nambari ya utambulisho huonyeshwa kwa wakala siku ya kununua. Nambari ya siri ya fedha haonyeshwi mtu, awe wakala au mjukuu.

Nne, ikitangazwa orodha ya msaada wo wote, iwe miche, pensheni au fedha za kaya masikini, tuombe isomwe kwa sauti mbele ya watu wa shehia. Mashine iandike, lakini watu wasikie.

Tano, siku ya kuuza karafuu wekeni kando fungu la msimu ujao kabla ya kulipa jambo jingine. Msaada wa nusu bei haumsaidii asiye na nusu yake.

Makatibu wa matawi wanaombwa wausome ukurasa huu mkutanoni, na baada ya mkutano wakae na wazee na wajane wasiojua kusoma, wawatazamie majina yao katika vitambulisho na laini. Kazi hiyo ni ya nusu saa kwa mtu mmoja, na ifanywe sasa, kabla orodha haijafungwa.