Gari la Kuvuta Tela: Tazama Breki Kwanza

Swali moja huletwa mara nyingi katika ofisi za kilimo za Likoni, Kisauni na Changamwe. Mkulima amepata fedha kidogo, labda kwa maziwa, labda kwa kuku au mboga, naye ataka kununua gari. Huuliza hivi: "Bwana karani, gari gani lina nguvu ya kuvuta tela?" Swali ni zuri, lakini limeanza katikati. Karibu kila gari zima laweza kuvuta tela katika barabara iliyo sawa. La kwanza kuuliza ni hili: gari gani laweza kuisimamisha tela hiyo ikiwa imejaa, katika mteremko, siku ya mvua?

Hamali wa mkokoteni alijua jambo hili kuliko wengi wetu. Akipanda mlima na magunia yake hutoka jasho, lakini akichoka aweza kutia jiwe nyuma ya gurudumu akapumzika. Akishuka, mzigo humsukuma, na asipoweza kuuzuia humkimbiza mpaka chini. Tela hulifanyia gari vivyo hivyo.

JUA UZITO WA MZIGO WAKO

Kabla ya kwenda kutazama magari, shika kalamu na karatasi uandike uzito wa mzigo mzito kuliko yote utakayovuta. Usikisie. Gunia la mahindi la kilo 90 likizidishwa mara 5 ni kilo 450. Kama ni nazi au muhogo, pima kiasi kidogo kwenye mizani ya dukani, kisha uzidishe. Pampu ya maji, mashine ya kukata majani ya ng'ombe na mashine ya kupukuchua mahindi mara nyingi huwa na kibati kilichoandikwa uzito wake. Kisha ongeza uzito wa tela yenyewe, maana watu wengi huusahau.

Mzigo unaowadanganya watu zaidi ni maji. Lita 1 ya maji ni kilo 1. Basi tangi la lita 1,000 likijaa ni kilo 1,000, hata kabla ya kuhesabu tela. Tela ya chuma ikiwa na kilo 250, jumla ni kilo 1,250. Motokaa ndogo kama Toyota Probox yenyewe haizidi sana kilo 1,000. Hapo kinachovutwa ni kizito kuliko kinachovuta, na dereva akifunga breki ghafula, tela ndiyo itakayoamua gari liende wapi.

Wala usidhani kwamba kutia maji nusu tangi kunaondoa hatari yote. Maji yaliyo nusu huenda mbele na nyuma, kushoto na kulia, na katika kona hulisukuma gari upande. Ni afadhali tangi dogo lililojaa na kufungwa vizuri kuliko tangi kubwa lililo nusu.

TELA ISIYO NA BREKI

Tela nyingi ndogo zinazoundwa na mafundi wetu wa kuchomea vyuma hazina breki zake. Breki za gari hufanya kazi ya vyote viwili. Kwa sababu hiyo sheria ya Uingereza husema kwamba tela ya namna hiyo, pamoja na mzigo wake, isizidi kilo 750, wala isizidi nusu ya uzito wa gari linaloivuta. Kipimo hiki chafaa kukumbukwa hata huku kwetu. Motokaa ya kilo 1,000 isivute zaidi ya kilo 500. Pikapu ya kilo 1,700, nusu yake ni 850, lakini ikomee 750.

Kila gari lina kitabu chake cha maelezo, na humo huandikwa uzito linaoruhusiwa kuvuta. Soma kwa makini, kwa kuwa mara nyingi nambari ni mbili. Iliyo kubwa, ambayo kwa pikapu za siku hizi huweza kufika tani 3 au zaidi, ni ya tela yenye breki zake. Iliyo ndogo ni ya tela isiyo na breki. Muuzaji hupenda kutaja ile kubwa. Wewe muulize ile ndogo. Na kitabu kikisema gari hilo lisivute kitu, basi lisivute, hata kama jirani yako hulivutisha lake kila siku.

Mwendo nao wahusika sana. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 katika sekunde moja, yaani mita 14 kabla dereva hajafikisha mguu kwenye breki. Na mwendo ukiongezeka mara mbili, kutoka kilomita 40 mpaka 80, kazi ya breki haiongezeki mara mbili bali mara nne. Mwenye tela asishindane na matatu katika barabara ya Malindi wala ile ya Nairobi.

KUCHAGUA GARI LENYEWE

Ukiisha kujua uzito, ndipo utafute gari. Yaangalie mambo haya.

Kwanza, gari liwe zito kuliko mzigo, na ikiwezekana liwe na chesisi ya chuma chini yake kama zilivyo pikapu, Land Rover na malori madogo. Chuma cha kuvutia tela kifungwe kwenye chesisi hiyo kwa bolti, si kwenye bampa. Bampa haikutengenezwa kwa kuvuta.

Pili, tazama kutu. Hewa yetu ya pwani ina chumvi, na chumvi hula chuma kimya kimya. Gari lililotumika nchi za ng'ambo huweza kuja na kutu yake, kwani katika sehemu zenye theluji humwaga chumvi barabarani. Ingia chini ya gari na tochi, ugonge chesisi kwa nyundo ndogo. Palipooza hutoa sauti nyingine.

Tatu, mpe fundi unayemwamini azijaribu breki, breki ya mkono, klachi, springi za nyuma na rejeta ya maji. Gari linalochemsha maji likiwa tupu litachemsha mara moja likivuta. Injini ya dizeli hufaa kwa kazi hii kwa kuwa huvuta vizuri hata ikizunguka polepole.

Nne, fikiri kuhusu siku zako. Ikiwa mzigo wako mzito hutokea mara mbili kwa mwaka tu, usinunue gari kubwa kwa ajili ya siku hizo mbili. Nunua la kazi ya kila siku, na siku ya mzigo mzito kodi lori pamoja na dereva wake.

KWA WENYE TREKTA

Wakulima wa Mwakirunge na sehemu nyingine zenye mashamba mapana hutumia trekta. Trekta ina nguvu nyingi na mwendo mdogo, lakini ina hatari zake. Ukiifunga tela au gogo mahali pa juu, kwa mfano kwenye ekseli, trekta huweza kuinua kichwa na kupinduka nyuma juu ya dereva, na jambo hilo hutokea upesi kuliko mtu awezavyo kuruka. Daima funga mzigo chini, kwenye chuma cha kuvutia kilichowekwa na kiwanda.

Trekta nyingi zina pedeli mbili za breki, moja ya gurudumu la kushoto na moja ya kulia, ili zigeuke kwa urahisi shambani. Ukiingia barabarani zifunge pamoja kwa kile kipande cha chuma kilichowekwa kwa kazi hiyo. Ukikanyaga moja peke yake ukiwa mwendoni na tela nyuma, trekta itageuka ghafula.

Tena, ile shafti inayoendesha mashine nyuma ya trekta kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde moja. Leso, kikoi au kanzu ikishikwa nayo, hakuna mkono uwezao kuivuta itoke. Kifuniko chake kisiondolewe, na watoto wasikaribie.

KAMBA HUKATIKIA PABOVU

Wazee walisema kamba hukatikia pabovu, na katika kuvuta tela pabovu huwa ni pale gari na tela vinapokutana. Usifunge tela kwa kamba, wala kwa msumari badala ya pini. Tumia pini yenye kizuizi cha kuifanya isichomoke. Zaidi ya pini, funga mnyororo wa akiba kutoka tela mpaka kwenye chesisi. Uwe mfupi kiasi cha kuuzuia mkono wa tela usifike chini, lakini usikaze wakati wa kukata kona. Pini ikikatika, mnyororo huo ndio utakaomwokoa mtoto anayetoka shule kando ya barabara.

Mzigo mzito uwekwe juu ya ekseli ya tela, uelekee mbele kidogo. Mkono wa tela ulilemee gari kwa kama sehemu moja kati ya kumi ya uzito wote, lakini usipite kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Ukirundika mzigo nyuma, tela itainua mkono wake na kuanza kuyumba kama mkia wa samaki. Ikianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta polepole, shika usukani sawa, wala usikanyage breki kwa nguvu.

KUVUKA NA KUTEREMKA

Mkulima wa Likoni apelekaye mazao soko la Kongowea hupita feri, kisha kisiwani, kisha daraja la Nyali. Mahali pa kuhadhari ni kivukoni. Siku za bamvua, maji yakipwa, mteremko wa kuingia feri huwa mkali kuliko wakati maji yamejaa. Teremka kwa gia ya kwanza, usitoe gia. Ukiisha kusimama ndani ya feri, kaza breki ya mkono na utie kabari za mbao kwenye magurudumu ya gari na ya tela. Kama mzigo ni mzito, ipo sasa barabara ya Dongo Kundu inayounganisha upande wa Likoni na Miritini pasipo kuvuka maji kwa feri. Safari ni ndefu zaidi, lakini mteremko wa kivukoni huukuti.

VYETI NA UKAGUZI

Tela huandikishwa peke yake kwa NTSA, nayo hupata nambari yake inayoanza na herufi Z. Bima ya gari nayo iulizwe: mwambie wakala kwamba utavuta tela, akuandikie. Dereva awe na leseni inayoruhusu kazi hiyo.

Kila asubuhi, kabla ya kuondoka, zunguka mara moja ukague haya: pini na kizuizi chake, mnyororo, upepo wa tairi zote pamoja na za tela, taa za nyuma za tela, kamba za mzigo. Taa hasa zikaguliwe, kwa kuwa chumvi huharibu nyaya upesi, na tela isiyo na taa usiku haionekani mpaka mtu ameigonga. Ukienda kilomita chache, simama uguse vitovu vya magurudumu ya tela kwa tahadhari. Kilicho moto sana kuliko mwenzake kina beringi mbovu.

Mkulima anayetaka kufanya hesabu hii na asiyejua pa kuanzia, aandike uzito wa mzigo wake, uzito wa tela, na jina la gari analolifikiria, kisha afike katika ofisi ya kilimo ya kaunti ndogo yake. Hesabu ni ya dakika chache, nayo yafaa ifanywe kabla fedha hazijalipwa.