Kidatu na Sanje: Mambo ya Kujua Kabla ya Kwenda Kutembea Bwawani na Kwenye Maporomoko

Ukifika Mikumi mjini ukaiacha barabara kuu ya Iringa na kushika ile ya Ifakara, milima ya Udzungwa inakusindikiza mkono wa kulia. Mbele unafika Kidatu, mahali ambapo Mto Ruaha Mkuu unatoka milimani na kuingia bonde la Kilombero. Watu huja huku kutazama bwawa, kupanda njia za msituni na kuona maporomoko. Lakini maji ya huku yana tabia zake, na ni vizuri kuzifahamu kabla ya safari.

Tuanze na bwawa. Kituo cha Kidatu kilianza kuzalisha umeme mwaka 1975, kikaongezewa mitambo mwaka 1980 na kufikia megawati 204. Kabla ya Bwawa la Julius Nyerere, hiki ndicho kilikuwa kituo kikubwa kuliko vyote vya umeme wa maji nchini.

Je, maji yanapita wapi? Yanaingia kwenye handaki refu ndani ya mlima, yanashuka kwa kasi na kuzungusha mitambo iliyo chini ya ardhi, kisha yanarudishwa mtoni. Kwa hiyo kiangazi, kipande cha mto kilicho chini ya ukuta wa bwawa huweza kubaki mawe na vidimbwi tu. Hapo ndipo mtu anapodanganyika, akaona ni mahali salama pa kuvua, kufua au kupumzika.

Bwawa likijaa, milango hufunguliwa na maji ya ziada hupita kwenye mkondo ule ule wa zamani. Mvua yenyewe huenda imenyesha mbali, upande wa Mbeya au Iringa, huku Kidatu jua linawaka. Ukiona maji yanabadilika rangi, yanaongezeka au unasikia mvumo, panda juu mara moja. Usirudi kuchukua ndoo wala nyavu. Pia kumbuka kwamba bwawa ni eneo la kazi la TANESCO, hivyo omba ruhusa kwanza, na mto huu una mamba na viboko.

Sasa twende Sanje. Kijiji hiki kiko mbele ya Kidatu, kabla ya kufika Mang'ula. Maporomoko yake yana urefu wa mita 170 hivi na yanashuka kwa hatua tatu. Yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992. Kupanda na kushuka huchukua saa tatu hadi nne. Utalipa kiingilio na utaongozana na mwongozaji. Vaa viatu visivyoteleza, anza asubuhi, na usisimame kwenye miamba yenye maji ukingoni. Ukibahatika utamwona kima wa Sanje, ambaye wataalamu walimtambua mwaka 1979.

Sanje hakuna milango ya kufungulia maji. Kazi hiyo inafanywa na msitu. Miti hunasa unyevu unaoletwa na upepo kutoka Bahari ya Hindi, na udongo wenye majani huyashika maji ya mvua na kuyaachia kidogo kidogo. Ndiyo maana vijito vya huku vinatiririka hata kiangazi, na vijiji vya chini vinapata maji.

Hilo lina gharama yake. Kwa miaka mingi wanakijiji waliruhusiwa kuingia hifadhini siku moja kwa wiki kuokota kuni kavu. Ruhusa hiyo ilikoma mwaka 2011. Mzigo uliwaangukia zaidi kina mama, na ndiyo sababu miti ya kuni iliyopandwa mashambani na majiko yanayotumia kuni chache ni mambo makubwa hapa.

Kwa hiyo ukienda kutembea, usikate mti wala kuacha taka kijitoni. Maji unayochezea pale juu, kuna mtu chini anayasubiri na ndoo yake.