Nani Atacheza Mfalme?

Wasomaji wetu wengi wamewahi kuona mchezo wa kuigiza ukitayarishwa shuleni au parokiani, nao wajua ugomvi unaozuka siku ya kugawa sehemu. Kila mtu ataka kuwa mfalme. Mlinzi wa mlango hatafutwi na yeyote. Mchezo ukiisha, na ugomvi umekwisha. Lakini viko vikundi ambavyo msimu mzima hucheza michezo mingi kwa zamu, leo huu, kesho ule, na wachezaji ni wale wale. Hapo kugawa sehemu ni kazi nzito.

Nyumba mashuhuri ya namna hiyo ni Comédie-Française ya Paris, iliyoundwa mwaka 1680 kwa amri ya Mfalme Louis XIV. Humo mtu aweza kuwa mfalme Jumanne na mtumishi Jumatano. Basi agawaye sehemu hautazami mchezo mmoja tu. Lazima auone msimu wote, asimpe mtu mizigo miwili mfululizo hata sauti ikamkauka, wala asimsahau mwingine akae bure.

Mwaka 2009 nyumba hiyo ilimwita Faustin Linyekula, mzaliwa wa Ubundu, upande wa juu wa mto kutoka Kisangani, asimamie Bérénice, mchezo wa Racine wa mwaka 1670. Habari yake ni ya malkia mgeni apendwaye na Tito, mtawala wa Roma, lakini Warumi hawataki malkia asiye wa kwao, naye hana budi kuondoka. Mwaka 2010 Linyekula aliurudia mchezo huo kwa namna yake, safari hii na wachezaji Wakongo, ukaonyeshwa Avignon. Twaona ya kuwa swali likageuka. Mkongo asemapo maneno ya Racine kwa Kifaransa, ni nani aliye mgeni, malkia au lugha yenyewe?

Kikundi chake, Studios Kabako, kilianzishwa Kinshasa mwaka 2001 na kuhamia Kisangani mwaka 2006. Mji huo ulikuwa bado na makovu ya Juni 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipopigana humo siku sita. Kikundi kidogo kama hiki hakina utajiri wa Paris. Katika mchezo wa Congo wa mwaka 2019 walisimama jukwaani watu watatu tu: Linyekula mwenyewe, Pasco Losanganya na Daddy Moanda Kamono. Mahali penye watu wachache hivyo, akikosekana mmoja pengo huonekana na kila mtu.

Na yupo aliyekosekana kweli. Antoine Vumilia Muhindo, rafiki wa Linyekula, mwandishi na mwigizaji, alifungwa Kinshasa baada ya kuuawa kwa Rais Laurent-Désiré Kabila mwaka 2001, kisha akahukumiwa kifo. Mchezo wa Dinozord ulipotengenezwa mwaka 2006, yeye alikuwa gerezani. Wangeweza kumtafuta mtu mwingine na kumsahau. Badala yake maandiko yake yaliingizwa mchezoni, maneno yakasikika na mwenyewe hayupo.

Mwaka 2011 alitoroka gerezani, akapata makimbilio Sweden. Mwaka 2012 mchezo ulipotengenezwa upya, Vumilia alipanda jukwaani kwa miguu yake, akayasema mwenyewe.