Jenerali wa Eldoret na Uzito wa Amana



Katika darsa ya akina mama mtaani Pioneer, Eldoret, niliulizwa suali: je, mji huu umepata kumtoa Mwislamu aliyeshika madaraka makubwa ya nchi? Jibu lipo, lakini si jepesi.

Mohammed Hussein Ali alizaliwa Eldoret mwaka 1956, katika jamii ya Wasomali. Aliingia jeshini katika miaka ya 1970 akapanda vyeo ngazi kwa ngazi. Mwezi wa Aprili 2004 Rais Mwai Kibaki alimtoa huko akamfanya Kamishna wa Polisi. Polisi walikuwa wamezoea kuongozwa na mmoja wao. Safari hii aliletwa mwanajeshi, ambaye baadaye alifikia cheo cha Meja Jenerali. Nyumba nyingi za Waislamu zilifurahi kuona jina la Kiislamu katika kiti kile. Wala si ajabu. Mtu hupenda kumwona wa kwao akitukuzwa.

Ndipo ukaja mwaka 2007. Miezi yake ya mwanzo, watu waliokuwa wakikimbia vita vya Somalia walikamatwa nchini Kenya. Makumi yao, wakiwamo wanawake na watoto, walipakiwa ndegeni na kurejeshwa Somalia, kisha wengi wakafungwa Ethiopia. Hawakufikishwa mahakamani kwanza. Mwezi wa Februari mwaka huo huo kijana mmoja alikamatwa Mombasa, akakabidhiwa Wamarekani na kupelekwa Guantanamo. Sisemi kwamba Kamishna pekee ndiye aliyeamua hayo, kwani serikali ina mikono mingi. Lakini kofia ya polisi ilikuwa kichwani mwake, na akina mama waliolala macho hawakupata faraja yoyote katika jina lake.

Mwisho wa mwaka huo ukaja uchaguzi, na moto ukawaka hata Eldoret alikozaliwa. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji, lilichomwa moto hali ya kuwa ndani yake wamejificha wanawake na watoto. Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini kote, na 405 kati yake vilitokana na risasi. Katika vifo hivyo vya risasi, sehemu kubwa ilinasibishwa na polisi. Mapema mwaka 2009 Philip Alston, mjumbe wa Umoja wa Mataifa, alitaka Kamishna aondolewe.

Aliondoka Septemba 2009, lakini hakurudi nyumbani. Alipewa Shirika la Posta, biashara ya serikali iliyokuwa ikidhoofika: barua zimepungua, na M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, imekwisha kuwachukua waliokuwa wakituma fedha kwa hawala ya posta. Mtu aliyezoea kuamrisha askari alitakiwa sasa kuwabembeleza wateja. Hiyo nayo ni kazi, na mimi naiona ngumu kuliko watu wanavyodhani.

Hata huko Posta mambo ya 2008 yalimfuata. Tarehe 8 Aprili 2011 alisimama mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mjini The Hague, pamoja na Uhuru Kenyatta na Francis Muthaura, kwa mashtaka yaliyohusu Nakuru na Naivasha. Tarehe 23 Januari 2012 majaji walikataa kuyathibitisha mashtaka dhidi yake, kwa kuwa ushahidi haukutosha kuonesha kwamba polisi walishiriki katika mashambulizi hayo. Ni haki yake litajwe hilo waziwazi, maana wako wanaokumbuka mashtaka na kusahau hukumu.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwonya Abu Dharr kwamba uongozi ni amana. Abu Dharr alikuwa mtu mwema, na bado alionywa.

Yule kijana wa Mombasa alirejeshwa Kenya mwezi wa Disemba 2024, baada ya takriban miaka 18, bila ya kushtakiwa kwa kosa lolote.