Hadubini: Jinsi nuru inavyofichua vimelea vya malaria

Tangu daktari Mfaransa Alphonse Laveran alipoviona vimelea vya malaria katika damu ya mgonjwa nchini Algeria mwaka wa 1880, hadubini imekuwa shahidi mkuu wa ugonjwa huo. Wengi hudhani kwamba kazi yake ni kukuza tu. Ukweli ni kuwa ushahidi wake hutegemea jinsi nuru inavyosafiri ndani yake.

Safari hiyo huanzia chini. Nuru hutoka kwenye taa, au huakisiwa na kioo mahali pasipo na umeme, kisha hupitia lenzi inayoikusanya na kuielekeza kwenye damu iliyopakwa juu ya kigae chembamba cha kioo. Damu hiyo huwa imetiwa rangi ya Giemsa. Sehemu zilizoshika rangi hufyonza kiasi cha nuru, na ndipo kimelea huonekana: kiini chekundu chenye utando wa samawati.

Lenzi iliyo karibu na damu huipinda miale na kujenga taswira kubwa iliyopinduliwa juu chini. Lenzi ya machoni nayo huikuza taswira hiyo mara ya pili. Ikiwa ya kwanza hukuza mara 100 na ya pili mara 10, jicho huona kitu kilichokuzwa mara 1,000.

Hata hivyo, ukubwa pekee hautoshi. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa takriban mikromita 7, na kimelea kichanga kilichomo ndani yake ni kidogo zaidi. Ili kionekane bayana, lenzi sharti ipokee pia miale ya pembeni. Lakini nuru inapotoka kwenye kioo na kuingia hewani hupinda, na mingi ya miale hiyo hupotea. Kwa hivyo tone la mafuta maalumu hutiwa kati ya kioo na lenzi. Mafuta hayo huipinda nuru karibu sawa na kioo, hivyo miale hupita bila kupotoshwa.

Pasipo tone hilo, taswira huwa kubwa lakini yenye ukungu. Mpimaji aweza kutangaza kwamba hakuna vimelea ilhali vipo, na mgonjwa akarudi nyumbani bila dawa. Vivyo hivyo, mafuta yasipofutwa baada ya kazi hukauka, hunasa vumbi na kuiziba njia ya nuru kwa mgonjwa anayefuata.