Kanisa Jipya Ubavuni mwa Gofu

Kanisa Kuu la Mtakatifu Mikaeli mjini Coventry, Uingereza, lilijengwa kwa mawe mekundu ya mchanga katika karne ya 14 na ya 15. Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940, ndege za Ujerumani zililidondoshea mabomu ya moto. Paa likateketea. Kulipokucha zilibaki kuta za nje na mnara wa karibu mita 90, ambao haukuanguka.

Waumini waliazimia mapema kujenga tena. Kazi ilikuwa kuamua namna. Kubomoa mabaki yote kungefuta historia ya mji. Kuiga kanisa la kale jiwe kwa jiwe kungekuwa na hasara nyingine, kwani mtazamaji asingeweza kupambanua mkono wa fundi wa kale na wa fundi wa leo. Msanifu Basil Spence, aliyeshinda mwaka 1951 katika shindano la michoro zaidi ya 200, alikataa yote mawili. Gofu alilihifadhi lilivyo, bila paa, liwe ua wa kuingilia. Kanisa jipya akalielekeza kaskazini, likikutana na la kale kwa pembe mraba, ingawa kwa desturi madhabahu huwekwa mashariki. Uamuzi huo ulimletea barua nyingi za matusi, lakini hakurudi nyuma.

Majengo mawili yaliyopishana miaka mia tano yanaunganishwa kwanza na jiwe. Kuta mpya nazo ni za mawe ya mchanga yenye wekundu, yaliyochimbwa Hollington, hivyo kwa mbali jicho huziona kuwa jamaa moja. Kati ya majengo hayo kuna baraza lenye paa lililoinuliwa juu sana. Kisha, badala ya ukuta, upande wa kuingilia umefungwa kwa kioo kitupu kuanzia chini hadi juu, ambacho msanii John Hutton alichora juu yake watakatifu na malaika. Hapo ndipo penye ustadi mkubwa kuliko pote: anayesali ndani akigeuka huliona gofu kupitia miili ya watakatifu hao.

Ndani, hakuna kilichoigwa, ila wazo la kale limebaki. Dari hubebwa na nguzo nyembamba za zege, kama makanisa ya zamani yalivyobebwa na nguzo za mawe. Kuta za pembeni zimekunjwakunjwa mithili ya meno ya msumeno, na madirisha ya vioo vya rangi yanatazama madhabahu. Anayeingia haoni rangi hizo. Huona mawe, na mbele yake picha kubwa ya Kristo iliyobuniwa na Graham Sutherland na kufumwa Ufaransa. Rangi za madirisha humfunukia akishafika madhabahuni na kugeuka nyuma.

Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1956, na kanisa likawekwa wakfu tarehe 25 Mei 1962. Miaka miwili baadaye, Mkataba wa Venice kuhusu utunzaji wa majengo ya kale uliagiza kwamba kazi mpya inapolazimika kuongezwa wakati wa ukarabati, ipambanuke na ya zamani na ibebe alama ya zama zake. Mwaka 1988 jengo la Spence lenyewe liliingizwa katika daraja la kwanza la majengo yanayolindwa kisheria Uingereza. Kuliongezea chochote sasa huhitaji idhini.