Kitako cha Risasi Kinavyosomwa

Buluk, mtaa wa Juba, unajulikana zaidi kwa makao makuu ya polisi ya Sudan Kusini. Askari wa mji huu kwa kawaida huning'iniza begani AK ya namna moja au nyingine, na bunduki hiyo yaweza kumzidi umri baba yake. Jeshi la Kisovieti lilianza kuitumia AK mwaka 1949, na iliyotoka kiwandani miaka ya 1960 bado inafyatua vizuri ikisafishwa na kutiwa mafuta. Kwa hiyo anayetaka kujua ni nani anaiuzia silaha Sudan Kusini leo, bunduki haitamwambia mengi. Aitazame risasi.

Bunduki hurithiwa, risasi huisha. AK iliyowekwa kufyatua mfululizo humaliza magazini ya risasi thelathini kwa sekunde tatu hivi. Kikosi kisicholetewa risasi mpya hubaki na virungu vya chuma vya bei ghali. Ndiyo maana naona ajabu kwamba mikutano ya kimataifa imetumia miongo kuzungumzia bunduki, na risasi ikaachwa pembeni kama chumvi kwenye hesabu ya harusi.

Risasi nzima ina sehemu nne: kichwa kinachoruka, baruti, fataki inayoiwasha, na ganda linaloshika vyote. Ganda hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na zinki, au kwa chuma kilichopakwa rangi au shaba ili kisipate kutu. Pini ya bunduki ikigonga fataki, baruti huwaka na kuwa gesi yenye mgandamizo wa zaidi ya kilo 3,000 kwa kila sentimita ya mraba. Ganda hutanuka, likabana kuta za chemba ili gesi isirudi nyuma usoni kwa mpigaji, kisha husinyaa kidogo na kutemwa nje. Kichwa kimeshakwenda kwa kasi ya mita 700 hivi kwa sekunde, na mara nyingi hupondeka kinapofika. Ganda lenyewe huanguka chini hatua chache kutoka alipo mpigaji, likiwa zima, na maandishi yake yote.

Maandishi hayo yako kwenye kitako, yamegongwa kiwandani kuizunguka fataki. Risasi nyingi za kijeshi hubeba alama ya kiwanda na tarakimu mbili za mwaka. Kwenye risasi ya Kichina, 71 juu na 12 chini maana yake ni kiwanda namba 71, mwaka 2012. Hapo una tarehe ambayo hakuna shahidi anayeweza kuipindisha: risasi ya 2012 haikuwapo popote duniani mwaka 2011. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliiwekea Sudan Kusini vikwazo vya silaha tarehe 13 Julai 2018, kwa kura tisa na nchi sita zikijizuia. Tangu siku hiyo ganda lolote litakalookotwa nchini humo likiwa na 19 au 20 kitakoni linadai maelezo. Ganda la zamani halimtakasi mtu, kwa kuwa mlanguzi mjanja hununua akiba iliyokaa ghalani miaka mingi.

Je, kama kitako hakina jina la kiwanda? Mwaka 2006 watafiti waliokuwa wakikagua risasi Kenya, Uganda na eneo ambalo leo ni Sudan Kusini walianza kukutana na risasi za AK zisizotaja mtengenezaji. Alama chache tu, na mwaka. Mtafiti Mwingereza James Bevan na wenzake wakazifuatilia kwa miaka sita. Zilijitokeza Darfur, Kongo, Guinea, Kodivaa. Zilishukiwa nchi kadhaa, kila moja ikaondolewa kwenye orodha kwa kulinganisha umbo la herufi, rangi ya lakiri inayoziba fataki, aina ya chuma, na hasa vifungashio: namna karatasi ilivyokunjwa na maneno yaliyopigwa chapa kwenye kasha la mbao. Mwaka 2010 maofisa wa Nigeria walifungua kontena 13 katika bandari ya Apapa, Lagos, zilizotoka Iran zikidaiwa kuwa vifaa vya ujenzi. Pamoja na maroketi zilikuwamo risasi za namna ile ile. Waliotaka zisijulikane waliacha kugonga jina, lakini wakasahau kasha.

Uchunguzi mwingine wa Bevan unawahusu majirani zetu kwa karibu zaidi. Mwaka 2008 alichapisha matokeo kutoka Turkana Kaskazini, eneo la Kenya linalopakana na Sudan Kusini. Alikusanya risasi za wafugaji waliokuwa na bunduki haramu, akazilinganisha na zile ambazo polisi waliwapa askari wa akiba wa vijijini. Karibu nusu ya risasi haramu zilikuwa zimetoka kwenye akiba ya polisi, nyingi zikiwa za kiwanda cha serikali kilichoko Eldoret. Hapakuwa na meli ya siri wala ndege ya usiku. Serikali ilikuwa ikigawa risasi kwa mkono mmoja na kutuma vikosi kuzisaka kwa mkono mwingine.

Vita vya Sudan Kusini vilipozuka Desemba 2013, mambo yalikuwa wazi zaidi. Mwaka 2014 shehena ya kampuni ya Kichina ya Norinco, yenye thamani ya dola milioni 38, ilishushwa Mombasa na kwenda Juba: bunduki zaidi ya 9,000 na risasi zaidi ya milioni 20. Ilikuwa halali, kwa sababu Umoja wa Mataifa haukuwa umeweka vikwazo. Gawanya mwenyewe uone: kila bunduki ilikuja na risasi zipatazo elfu mbili. Baadaye mwaka huohuo China ilisema imesitisha mauzo.

Umoja wa Ulaya ulikuwa na vikwazo vyake tayari. Hapo ndipo karatasi inapoingia. Muuzaji wa silaha hudai cheti cha mtumiaji wa mwisho, yaani serikali inunuayo huahidi kwa saini kwamba mzigo utabaki kwake. Shirika la Conflict Armament Research la Uingereza, alilolianzisha Bevan, lilitoa ripoti mwaka 2018 ikionyesha kwamba silaha na risasi kutoka Bulgaria, Romania na Slovakia zilinunuliwa kwa vyeti vya Uganda, kisha zikaishia Sudan Kusini. Viwanda vilikuwa na leseni, na saini zilikuwa za kweli. Kilichosaidia kuumbua mpango huo ni pamoja na namba zilizokuwa kwenye makasha.

Bahati mbaya namba hizo kwa kawaida hukaa kwenye makasha peke yake. Risasi hutengenezwa kwa mafungu, na kila fungu lina namba yake. Ukimpelekea mtengenezaji namba ya fungu, ataangalia daftari akuambie alimuuzia nani. Kitakoni kuna kiwanda na mwaka tu, na kiwanda kimoja kwa mwaka huweza kuuza nchi kumi. Kasha likichomwa kupikia chai, ushahidi umekwenda na moshi. Makubaliano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2005 kuhusu kufuatilia silaha ndogondogo yanataka kila bunduki igongwe alama, ila risasi hazimo. Mpango wa kimataifa wa Desemba 2023 umezigusa hatimaye, kwa hiari ya kila nchi.

Brazil haikungoja. Sheria yake ya 2003 inataka risasi zinazouzwa kwa vyombo vya dola ziwe na namba ya fungu kwenye ganda lenyewe. Diwani Marielle Franco alipouawa Rio de Janeiro Machi 2018, maganda yalisomeka UZZ-18: fungu lililouzwa kwa polisi wa shirikisho mwaka 2006. Ufuatiliaji wa risasi hizo ukakwama hapo. Kanuni ilitaka fungu lisizidi risasi elfu kumi, lakini hilo lilikuwa na zaidi ya milioni moja, zimesambazwa nchi nzima.

Kanda yetu ina viwanda vyake: Eldoret, Nakasongola nchini Uganda, na Mzinga kule Morogoro. Wateja wao wakubwa ni serikali zao wenyewe. Mashine za kuandika kwa leza juu ya chuma si kitu kigeni tena viwandani, na mafungu madogo ni suala la kupanga maghala. Ganda lenye namba ya fungu dogo litakalookotwa Kapoeta, Sudan Kusini, au Lokichoggio, Kenya, litaelekeza moja kwa moja kwenye ghala fulani, na kwa ofisa aliyesaini kupokea fungu hilo. Nadhani hesabu hiyo imeshapigwa katika ofisi zinazohusika, na ndiyo inayochelewesha mashine.